Nani Ana Neno Naye

Alhamisi alasiri, mikono ya Julie ilikataa kuingia katika nguo zake za kuzikiwa, na ng'ambo ya huku ya mto simu ya Katungu ikalia.

Katungu alikuwa amekaa jikoni na sahani moja, kijiko kimoja na sufuria ya maharage ambayo ingemtosha hadi Jumapili. Tangu watoto watawanyike hakuwahi kujifunza kupika chakula cha mtu mmoja, na wala hakutaka, kwa sababu kujifunza kungekuwa ni kukubali. Aliitazama simu ikitetemeka juu ya meza. Namba hakuijua. Sauti aliijua mara moja, kwa kuwa ilikuwa sauti ile ile ya Julie, ila changa zaidi.

"Mama Papy?"

Hakuna mtu mjini Kisangani aliyemwita Katungu kwa jina lake. Papy alikuwa mwanawe wa kwanza, dereva wa malori huko Kampala, ambaye humpigia mama yake Jumapili akikumbuka. Mtoto ameondoka, jina lake limebaki nyumbani likimsaidia mama kuitwa.

"Ni mie Aurélie, mutoto ya Mama Julie. Mama ametuacha leo, asubuyi kabisa. Moyo ilisimama."

"Mungu amupokee," Katungu akasema. Ndivyo inavyosemwa, naye akashukuru kwamba kuna maneno yaliyokwisha tengenezwa ambayo mtu anaweza kuyachukua bila kuyafikiria.

"Aksanti. Mama Papy, kuko jambo ingine." Aurélie akavuta pumzi. "Mama anakataa kuvaa. Tulichelewa kumusafisha, tulikuwa tunangojea liputa, kitenge ya kumuvalisha, itoke mujini Makiso. Sasa mikono iko nguvu kabisa. Ba mama wamemubembeleza na maji ya moto, wamemuita jina, haitaki. Wameuliza ile ulizo. Hakuna mutu alijibu. Donc... bote wanataja jina yako tu."

"Wanataja jina langu juu ya nini?"

"Mie sisemi kitu, Mama Papy. Mie ninakuita tu. Tutazika kesho jioni, tonton Augustin akifika toka Isangi."

"Nimesikia," Katungu akasema, akakata simu, akaendelea kula maharage yaliyokuwa yamekwisha kupoa.

*

Ile ulizo aliyoitaja Aurélie ilihitaji maelezo kwa wageni tu. Wanawake wa parokia walioosha maiti, na Julie alikuwa mkubwa wao kwa miaka mingi, walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Walichemsha maji, wakayapoza hadi yakavumilika, wakachovya vitambaa na kuvifunga kwenye viwiko na magoti ya marehemu. Kisha mmoja wao alipaka mafuta ya mawese viganjani na kuanza kusugua kutoka begani kuteremka chini, polepole, huku akimwita marehemu kwa jina na kumwomba alegee. Hawakuvuta. Kumvuta mtu aliyekufa, Julie alikuwa akisema, ni kumpiga mtu asiyeweza kulia.

Mara nyingi marehemu walilegea. Mara chache walikataa, na hapo mkubwa wa waoshaji alinyanyuka, akafuta mikono, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi uani: nani ana neno naye? Aliyekuwa na ugomvi na marehemu alijibu, "Mimi." Wengine wote walitoka, mlango ukarudishwa, mtu akabaki na marehemu wake wakamalizana. Alichokisema humo ndani hakikuulizwa kamwe. Akifungua mlango, waoshaji walirudi na maji mapya, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Siku moja muuguzi mmoja aliwaeleza wanawake hao kwamba ugumu wa maiti huja na kuondoka kwa saa zake, bila kumuuliza mtu. Julie alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kwamba hilo alikwisha kuliona mwenyewe. "Lakini saa zake ni za ye," alisema. "Ulizo ni ya siye benye tungali hai."

*

Legea. Wajuzi wa lugha watatuambia kwamba neno laini lilitufikia kutoka kwa Waarabu, na kwamba legea ni letu tangu zamani, la vinywa vya Wabantu. Na Kilingala nacho kina lake, lemba. Ni kweli na ina faida yake. Lakini katika maisha ya mtu neno halianzii kwenye kamusi. Huanzia kwa yule aliyelitamka kwanza mbele yako, na uso aliokuwa nao alipokuwa akilitamka.

Kwa Katungu lilianzia kwa baba yake, mchuuzi wa kahawa huko Butembo, na lilikuwa tusi. Mzee yule aliongea Kinande siku zote, ila neno hilo alilitoa katika Kiswahili cha barabarani, kana kwamba lugha ya nyumbani ni safi mno kubeba aibu hiyo. Kamba iliyolegea, mzigo uliolegea juu ya lori, na mbaya kuliko yote, mtu aliyelegea. Binti zake waliposhikana mkono na mgeni aliwatazama vidole. Katungu alikulia chini ya macho hayo, na alipoolewa na Philippe na kuletwa Kisangani kufungua duka la sabuni, mchele na mafuta, alishuka na neno la baba yake kama mtu anavyoshuka na sanduku.

Lilimfaa sokoni. Wateja walimwambia, "Legeza kidogo, Mama Papy," naye akacheka kwa meno tu, bei ikabaki pale pale. Wafanyabiashara wenzake kutoka Kivu walimsifu. Philippe, ambaye alikuwa mtu wa kuwapa watoto wa watu peremende, alimtazama kwa mshangao uleule wa siku ya kwanza, akaenda zake nyuma ya duka kusikiliza redio.

Julie alikuwa jirani wa ua kwa ua. Alikuwa mtoto wa mto, kwao Yanonge, na aliongea Kiswahili kilichojaa Kilingala, kwa sauti ya kuita mtu aliye mtumbwini. Katungu mgeni alitaka kujua kutengeneza kwanga, mkate wa mihogo, kama wanavyotengeneza watu wa mto, na Julie akamwonyesha kuloweka mihogo kwenye pipa. Kesho yake tu Katungu akaitoa, akaitwanga kwa nguvu zote za Butembo. Ikatoka mabonge machungu yasiyolika. Julie alicheka hadi akakaa chini.

"Weye mama ya milima! Muhogo haujalegea, unaupiga juu ya nini? Umekukosea nini?"

"Nina haraka, mie."

"Haraka ya kwenda wapi? Acha maji ifanye kazi yake."

Hivyo neno likazaliwa mara ya pili, na safari hii halikuwa tusi. Kinywani mwa Julie lilikuwa sifa. Mihogo iliyolegea ilikuwa tayari. Ngozi ya mzazi aliyepakwa mafuta imelegea, ashukuriwe Mungu. Na jioni, Papy alipokuwa mchanga na kumkatalia mama yake usingizi, Julie alimchukua, akamfunga mgongoni kwa kitenge, akazunguka naye uani akiimba bila maneno, kisha akageuka kidogo ili Katungu aone kichwa kimeanguka upande na mkono unaning'inia. "Muone," alinong'ona. "Amelegea. Ameniachia kilo zake zote."

Katungu hakuwahi kumwambia Julie kwamba dakika zile, uani, ndizo alizokuwa na furaha kuliko zote tangu kuja Kisangani. Ni jambo ambalo mtu huliweka akidhani litaharibika likitolewa nje.

*

Philippe alitaka kwenda nyumbani. Hilo tu. Alikuwa ameanza kuzeeka, na usiku alizungumza juu ya mlima wa kwao na ukungu wake wa asubuhi, na jinsi mama yake alivyokuwa akioka viazi kwenye majivu. Twende kidogo, alisema, mwezi mmoja. Katungu alikuwa na sababu, na sababu zenyewe zilikuwa nzuri: barabarani watu walikuwa wakiuawa, duka lingebaki na nani, na mwezi mmoja wa Philippe ulikuwa na tabia ya kuwa mwaka. Aliomba tena na tena. Jioni moja aliomba kwa mara nyingine, bila kukasirika, na Katungu akageukia ukutani.

"Nenda peke yako," alimwambia.

Asubuhi hakumsalimu. Alimweleza Julie hayo yote uani, wakati wakifunga kwanga katika majani, akicheka kidogo ili lionekane jambo la kawaida la mke na mume. Julie hakucheka. Alisema tu, "Umuambie neno nzuri akirudi kula." Lakini Philippe hakurudi kula. Alianguka dukani, kati ya magunia ya mchele, mkono ukiwa umeshika redio, na akaenda peke yake.

Julie ndiye aliyemwosha. Suti ilikuwa ile ya harusi, ya kubana, na Philippe alikuwa amenenepa. Chumbani walikuwepo kaka zake wote, wanaume wakubwa wa soko, wenye saa mikononi, na wake zao. Maji yakachemshwa. "Lemba, papa Philippe," Julie alisema, karibu kuimba, akisugua. "Lemba, tata, lemba." Viwiko vikakataa. Akabadili akamwita kwa Kiswahili, legea, legea papa, na viwiko vikazidi kukataa. Hapo Julie akanyanyuka, akafuta mikono, akauliza.

Hakumtazama mtu. Aliuliza hewani, kama inavyotakiwa. Lakini Katungu aliona macho ya shemeji zake yakimgeukia moja moja, na akamwona baba yake, aliyekwisha kufa zamani, akimtazama vidole.

"Hakuna neno," alisema.

Julie akamsogelea. Akasema kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia, kwa kuwa hakujua kunong'ona isipokuwa kwa watoto: "Mama Papy, mulango iko hapa. Siye tunatoka bote. Hakuna mutu atauliza kitu."

"Nimesema hakuna neno!"

Julie akaomba mkasi, akalikata koti la harusi mgongoni kutoka shingoni hadi chini, akamvika Philippe kwa mbele kama mtu anavyofunikwa shuka. Jenezani alionekana nadhifu. Watu wakasema amependeza. Waliokuwa chumbani tu ndio waliojua kwamba mgongoni alikuwa wazi, na Katungu hakupata usiku hata mmoja ambao hakuukumbuka mgongo huo ukigusa ubao.

Mtu akiumia hutafuta mahali pa kuupeleka uchungu, na mahali pa karibu ni kwa aliyeuona. Katungu alitangaza kwamba Julie amemwaibisha mbele ya wakwe. Aliacha kumwitikia salamu. Kanisani alihama benchi. Julie alileta kwanga, akaiweka mlangoni. Ikarudishwa mlangoni pake ikiwa bado imefungwa. Alikuja mara mbili, tatu, akaongea na mlango uliofungwa, kisha akaacha. Baadaye mumewe akapata kazi kwenye reli, wakahamia Lubunga, na mto ukakaa katikati yao. Mto ule huvukwa kwa mtumbwi kwa muda wa kumaliza kula ndizi. Katungu hakuuvuka. Miaka ikapita hivyo, akisimulia watu jinsi alivyoaibishwa, hadi watu wakachoka, na akabaki kujisimulia mwenyewe.

Ukiwa ulianza polepole. Binti alienda Goma kuolewa, Papy akaenda Kampala. Sokoni alizungumza mchana kutwa, mdomo ukauma, lakini yalikuwa maneno ya sabuni. Jioni, akifungua mlango wa nyumba, alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kuingia, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe. Alimkosa Philippe. Na jambo ambalo hakulitarajia, na lililomkasirisha, ni kwamba alimkosa Julie zaidi, kwa sababu Philippe alikuwa amekufa na kulikuwa na misa za kumsomea, ila hakuna misa inayosomwa kwa rafiki aliye hai ng'ambo ya mto.

*

Usiku wa Alhamisi tuuache. Mtu mzima aliye macho kitandani peke yake hana jipya la kutueleza. Ijumaa asubuhi Katungu alivaa, akajifunga kitambaa cha kichwa vizuri kuliko kawaida, akaenda kufungua duka.

Jirani yake sokoni, Aboubakar, mwuza mikeka na birika, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Alimtazama akihangaika na kufuli.

"Mama Papy, unafungua?"

"Unaona ninafanya nini?"

"Naona. Nasikia pia. Matanga iko Lubunga."

"Watu wanakufa kila siku."

"Njo vile," Aboubakar akasema. Akaanza kupanga birika zake ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. "Yule mama alipitaka hapa. Unajua?"

Katungu hakugeuka. "Nani?"

"Mama Julie. Akivuka kuuza kwanga, alipitia kwangu. Ananunua kitu kidogo, ao hanunui. Anauliza: jirani yako iko na afya? Anakula? Bon, mie namujibu, iko, anakula. Anaenda."

"Hukuniambia."

"Alinikataza. Alisema, nikikuambia, utahama duka, sawa vile ulihama benchi."

Katungu alijikuta akicheka, na cheko lilipofika katikati likageuka kitu kingine, akalazimika kushika mlango wa bati. Aboubakar akainama kutafuta kitu chini ya meza yake, na akaendelea kukitafuta hadi Katungu alipomaliza kujifuta macho.

"Wananingojea nikaseme mbele ya watu," Katungu alisema. "Mikono yake inakataa. Watu wote watajua ni mimi."

"Mama Papy," Aboubakar akajibu kutoka chini ya meza, "watu bote wanajuaka. Lete funguo. Nitakuangalilia duka."

Alimpa funguo. Kisha akarudi ndani mara moja, akachukua chupa ndogo ya mafuta ya mawese, ile nyekundu nzito, akaifunga katika karatasi.

Njia nzima hadi gatini alikuwa akipanga maneno. Mtumbwini alikaa katikati ya wanawake wenye mabeseni ya samaki na kijana mwenye baiskeli, chupa mapajani, akaendelea kupanga. Atasema alikosea. Hapana, ataanza na kwanga, jinsi alivyoirudisha ikiwa imefungwa. Hapana, ataanza na Philippe, kwa sababu yote yalianzia kwa Philippe. Atausugua mkono ule kuanzia begani kwenda chini, kama alivyomwona Julie akifanya, na Julie atakataa, na ana haki ya kukataa, na yeye ataomba tena. Alitaka Julie amkatalie kwa muda mrefu. Mbele ya ugumu huo angekuwa na kazi ya kufanya. Injini ilikohoa, mtumbwi ukasukumwa kidogo na maji kuelekea chini, nahodha akaurudisha, na ukingo wa Lubunga ukafika upesi kuliko alivyotaka.

*

Uani kwa Julie walikuwa wametandaza turubai la bluu, viti vya plastiki chini yake. Wanawake waliokuwa wakiimba walimwona na wimbo ukapungua, usikatike. Alipita katikati yao, mgongo wima kama alivyofundishwa. Aurélie akatoka mlangoni kumlaki, macho yamevimba, akamkumbatia kabla hajajitayarisha kukumbatiwa.

"Mama Papy. Umekuja."

"Nimekuja. Nipeleke kwake." Alionyesha chupa. "Nimeleta mafuta. Maji ya moto iko?"

Aurélie akaitazama chupa, kisha uso wa Katungu, na usoni mwake mwenyewe kukaja haya, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

"Mama Papy, haiko lazima tena. Leo asubuyi tulipomugusa, mikono ilikuwa imelegea. Ye peke yake. Tumemuvalisha bila kusumbuka hata kidogo. Ilikuwa sawa vile ni ye anatunyooshea mikono." Akajaribu kutabasamu. "Donc hakuna mutu atakusumbua na maulizo. Keti, nikuletee maji ya kunywa."

Katungu alisimama pale pale.

Alipaswa kufurahi. Hakuna atakayemuuliza. Angeweza kuketi kwenye kiti cha plastiki, anywe maji, alie kidogo kama wengine, aende makaburini na arudi kwake kabla ya giza, na Lubunga nzima ingesema kwamba Mama Papy alikuja kuzika. Jambo lililomwogopesha usiku kucha lilikuwa limeondoka lenyewe. Na badala ya kupumua, alihisi amenyang'anywa. Julie alikuwa amelegea bila kumngoja, bila kuombwa. Na pale turubai la bluu likipigwapigwa na upepo juu ya kichwa chake, akaelewa kwamba Julie hakulegea leo asubuhi. Ilikuwa siku ya kwanga mlangoni. Pengine ilikuwa siku ile ile ya mkasi. Katika nyumba mbili, pande mbili za mto, aliyekuwa amekakamaa miaka yote hiyo alikuwa mmoja tu.

"Aurélie," alisema. "Uliza."

"Niulize nini, Mama?"

"Ile ulizo. Uliza."

"Lakini amekwisha kuva—"

"Najua amekwisha kuvaa. Ninakuomba. Uliza kwa nguvu, hadi hapa nje wasikie."

Aurélie akamtazama. Alikuwa binti wa mama yake; hakuuliza mara ya pili. Akaingia chumbani, Katungu akimfuata, mahali ambapo wanawake wazee watatu walikaa mkekani kuzunguka kitanda. Akanyanyua kichwa, na kwa sauti ile ya kuita mtu aliye mtumbwini, akauliza:

"Nani iko na neno na mama?"

Wimbo wa uani ukakatika kabisa.

"Mimi," Katungu akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia: "Ni mimi. Katungu."

Wanawake wazee waliinuka wakishikana, mmoja akamgusa bega alipokuwa akipita, wakatoka. Aurélie akatoka wa mwisho na kuurudisha mlango.

Chumba kilinuka sabuni na majani. Julie alikuwa amevaa liputa ya kijani iliyongojewa kutoka Makiso, na libaya, blauzi ya mikono mirefu, rozari vidoleni. Amekonda. Hakuna aliyemwambia Katungu kwamba amekonda. Alikaa ukingoni mwa kitanda, na maneno yote aliyoyapanga mtoni yakawa hayapo, kwa kuwa yalitengenezwa kwa ajili ya mkono mgumu.

Aliushika mkono wa karibu, akauinua. Ukaja. Ukamjia wote, na uzito wake wote, kiganja kikaanguka wazi katika kiganja chake, na Katungu akaujua uzito huo, kwa sababu aliwahi kuuona ukining'inia kutoka kitengeni, jioni, uani, wakati mtoto alipoacha kupigana na usingizi.

Akalia sasa, kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Alipoweza tena, alikunja mkono wa libaya ya kijani kwa uangalifu, pindo juu ya pindo, hadi juu ya kiwiko. Akafungua chupa. Mkono haukuhitaji mafuta, alijua. Akajipaka viganjani, akaanza kusugua kutoka juu kuteremka chini, polepole, asivute.

"Nilimuambia aende peke yake," alisema. "Ulijua. Ulitaka tu nimuambie ye mwenyewe."

Alisugua. Ngozi ikang'aa. Akaanza kuita kama Julie alivyokuwa akiita, kwanza jina la Julie, kisha, kwa sauti ya chini zaidi, jina la Philippe. Uani viti havikusogea, wimbo haukuanza tena, na hakuna mtu aliyegonga mlango.